Makufuli ya duara yale kama sahani: lipi linasumbua zaidi kulichokonoa?

Mwanagenzi_wa_Chuma

Wakuu salaam. Nina makufuli matatu ya duara, yale yaliyokaa kama kisahani, mkono wake umejificha ndani unaona kipande kidogo tu pale juu. Kwa nje ni mapacha kabisa, chuma kisichoshika kutu, upana milimita 70 yote matatu, ukiyachanganya mezani hujui lipi ni lipi mpaka utafute funguo zake. Sasa mimi nimeanza kujifunza kuchokonoa makufuli kama burudani (ni yangu mwenyewe jamani, msianze kuniitia polisi) na hiki ndicho kilichonitokea. La kwanza nimeingiza kile kichuma cha mawimbi, nikavuta mara mbili tatu, likafunguka hata sijajiweka sawa kwenye kiti. La pili nimekaa nalo jioni tatu, linazunguka kidogo kama linataka halafu linagoma. La tatu ndio kabisa, naingiza kichuma sisikii chochote, hakuna kinachoruka hakuna kinachobonyea, kama natafuta mtu kwenye nyumba isiyo na watu.

Swali langu, si yote matatu ni makufuli ya diski? Mbona hayafanani hata kidogo? Na ukitaka la duara ambalo kweli halichokonoleki kirahisi unaangalia nini, maana umbo ni lile lile?

---

Kiti_cha_Mbele

Nimeshavuta kiti, wajuzi waje. Mimi nilijua la duara ni la duara tu.

---

FundiTundu

Mleta mada umeuliza swali zuri, ila ndani yake kuna mkanganyiko unaokamata watu wengi mno, wacha niufumue kwanza.

Neno diski kwenye makufuli linabeba vitu vitatu tofauti. Kuna diski ya UMBO, yaani hilo duara lako. Hilo umbo lilipata jina kupitia ABUS wa Ujerumani, wao waliliita Diskus na baadaye kila kiwanda kikaiga, na sababu yake haikuwa kuzuia kuchokonolewa hata kidogo, sababu ilikuwa kuficha mkono wa kufuli ili mkasi wa kukatia vyuma ukose pa kung'ata. Halafu kuna diski za NDANI zinazozunguka, vile visahani vilivyopangwa kama sarafu kwenye silinda, huo ni ubunifu wa Emil Henriksson wa Finland mwaka 1907 na ndio uliozaa kampuni ya makufuli ya Abloy. Halafu kuna vile vibati bapa vyenye springi kwenye vikufuli vya droo na makabati, na vyenyewe wengine huviita diski. Kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia kufuli la diski, asiwe amekudanganya, na wewe ukawa umenunua kitu kingine kabisa.

Ukishalielewa hilo swali lako linageuka. Duara halina ugumu wowote wa kuchokonolewa. Ni ganda. Ugumu wote upo kwenye ile silinda ya kidole kimoja iliyochomekwa pale chini, na ndani ya ganda hilo hilo kiwanda kinaweza kuweka silinda ya maana au takataka. Mapacha wako watatu wana nguo moja, roho ni tatu.

Usibomoe kitu. Chukua funguo zake tatu uzilaze mezani, tuambie zikoje. Ufunguo hausemi uongo.

---

Mzee_wa_Grinda

Mnapoteza muda wenu bure. Mwizi gani anachokonoa? Mimi nafanya kazi za chuma miaka mingi, kufuli lolote la duara ukinipa na grinda ya mkononi nalipasua kabla chai haijapoa, na mara nyingi hata kufuli siligusi, nakata zile pete za mlangoni ambazo ni bati tupu. Mtu anaweka kufuli la maana kwenye komeo lililoshikwa na skrubu mbili fupi halafu anauliza habari za kuchokonoa. Nunua lolote, weka komeo zito, lala.

---

Binti_Silinda

Shikamoo mzee. Upo sahihi kwa nusu, na hiyo nusu hakuna anayekubishia, komeo bovu linaua kufuli zuri. Ila mleta mada hajauliza mwizi wa grinda, kauliza kuchokonoa. Halafu kuna jambo moja unaliruka, aliyekata kwa grinda ameacha cheche, kelele na kufuli lililopasuka, asubuhi ukifika unajua umeibiwa. Aliyechokonoa anafunga anaondoka na unaweza kukaa muda mrefu unahesabu mali yako unadhani umekosea hesabu. Ndiyo maana mtu wa stoo ana haki ya kuuliza.

Na wale wanaosema angalia daraja kwenye boksi, muwe makini. Kipimo cha Ulaya EN 12320 kinapanga makufuli daraja 1 hadi 6, na sehemu kubwa ya majaribio yake ni nguvu, kuvuta, kukata, kusokota, kutoboa. Kufuli linaweza kuwa na namba nzuri kwa sababu ya unene wa chuma chake. Namba hiyo ni ya kweli, lakini inajibu swali la mzee wa grinda kuliko la mleta mada.

---

Mwanagenzi_wa_Chuma

Asanteni sana. FundiTundu nimelaza funguo mezani kama ulivyosema na nimepigwa na butwaa, sikuwahi kuziangalia kwa makini kumbe jibu lilikuwa mfukoni.

Ufunguo wa la kwanza una mabonde manne tu, na yote manne yanakaribiana kimo, ukiutazama kwa mbali ni kama mstari ulionyooka wenye mikwaruzo. Wa la pili una mabonde sita, moja limezama sana na jirani yake limebaki juu kabisa, unapanda na kushuka. Wa la tatu hauna meno ya kueleweka, mti wake ni nusu duara, kama penseli iliyopasuliwa kwa urefu, na una mikato iliyolala upande, mingine imelala zaidi mingine kidogo.

---

FundiTundu

Haya sasa, umejijibu.

La kwanza ni la pini nne. Silinda ya pini ni kazi ya Linus Yale mdogo, hataza yake ya 1861, na mpaka leo ndio iko kwenye milango mingi duniani. Kila pini imekatwa vipande viwili, ufunguo ukiinua kila mpasuko ukafika usawa mmoja silinda inazunguka. Kuchokonoa kunawezekana kwa sababu hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakanyooka kabisa, ukikaza silinda kidogo pini moja inabanwa kabla ya wenzake, unaiinua mpaka itulie, halafu inabanwa nyingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sasa lako lina pini nne na mabonde yanakaribiana kimo, ukipitisha kichuma cha mawimbi unaziinua zote karibu sawa kwa mkupuo. Hapo hujachokonoa, umepangusa tu likafunguka. Usijisifu sana, hahaha.

La pili ni pini sita, na hayo mabonde ya kupanda na kushuka ndiyo yanayokukatalia njia ya mkato, maana kichuma kikifikia ile pini iliyojificha nyuma ya jirani yake aliye chini kinamsukuma na jirani kupita kiasi. Lakini kilichokukalisha jioni tatu sidhani ni idadi. Umesema linazunguka kidogo halafu linagoma?

La tatu ndio la visahani vya kuzunguka, yaani la diski kweli kweli, ndani na nje. Husikii kitu kuruka kwa sababu visahani hivyo havisukumwi na springi kama pini.

---

Mwanagenzi_wa_Chuma

Ndiyo, linazunguka kidogo sana, labda nyuzi tatu nne, moyo unaruka nadhani limekubali, halafu kimya. Nikiongeza nguvu ya kukaza ndio linaganda kabisa.

---

Binti_Silinda

Hapo umeingia mtegoni kaka na mtegoni waliingia wengi kabla yako, mimi mwenyewe niliwahi kulivua kufuli la aina hiyo nikalirudisha kabatini kwa hasira.

Hizo ni pini zenye kiuno. Kipande cha juu cha pini hakijanyooka kama kipande cha msumari, kimebinywa katikati. Ukiinua kidogo, kile kiuno kinaingia kwenye mpasuko na silinda inapata nafasi ya kuzunguka hizo nyuzi chache, unadhani umemaliza, kumbe ndio umefungiwa. Na ukiongeza kukaza ndio unalikamata lile bega la pini lisipande tena. Dawa yake ni kinyume na mwili unavyotaka. Legeza kidole kinachokaza mpaka ubaki unagusa tu, halafu gusa pini moja moja ukiuliza ni nani anairudisha silinda nyuma. Pini ya kawaida ukiibonyeza silinda haitikisiki. Yenye kiuno ukiibonyeza utasikia silinda inarudi nyuma kidogo, inakusukuma kidole. Ukiisikia hiyo usiogope, iachie irudi taratibu, bonyeza mpaka ikae. Zingine zilizokwisha kukaa zitaanguka hapo, zirudie. Watu wengi tatizo lao ni kidole kizito, sio kichuma.

Na hizo za kiuno ndio za kawaida, kuna zilizochongwa meno meno ubavuni, kiwanda cha American Lock wanajulikana sana kwa hizo, na wana lile duara nene la mfululizo wa 2000 ambalo halina hata mkono wa kuuona, limefunika kila kitu, unaona tundu tu. Pini za meno kila jino linakudanganya limekaa. Kwa kuchokonoa hilo ni la kuheshimiwa kuliko haya mengi ya sahani ya kawaida.

---

HesabuZangu

Samahani naingilia kati, mimi sio fundi ila napenda namba. Pini nne zenye vimo vitano ni funguo 625 tofauti, pini sita zenye vimo sita ni 46,656. Kwa hiyo la pili si ni gumu mara 75 hivi kuliko la kwanza? Mbona mnasema sio idadi?

---

FundiTundu

Hesabu yako ni safi ila inajibu swali lingine mkuu. Hiyo inakuambia uwezekano wa ufunguo wa jirani kufungua kufuli lako. Mchokonoaji habahatishi funguo 46,656, yeye anashughulika na pini moja, akimaliza anahamia nyingine, kwa hiyo kutoka nne kwenda sita kwake ni kazi mbili zaidi, sio mara 75. Ndiyo maana nasema pini sita zilizonyooka zenye silinda iliyolegea zinaweza kufunguka kabla ya pini nne zenye viuno na silinda iliyobana vizuri. Ubora wa uchongaji ni jambo lisiloandikwa kwenye boksi na ndilo lenye uzito kuliko yote. Shika ufunguo ukiwa ndani ya tundu, uchezeshe juu chini kulia kushoto. Silinda ikicheza cheza kama jino la mtoto, hilo kufuli lina nafasi nyingi ndani na kila nafasi ni ya mchokonoaji.

---

Mzee_wa_Grinda

Binti marahaba. Mimi sijakataa, nasema tu kufuli ni mnyororo wa mambo. Halafu hilo la visahani, mbona mnalisifia, mimi nimeona video watu wanalifungua.

---

Binti_Silinda

Wanalifungua ndiyo mzee, hakuna aliyesema halifunguki. Lakini angalia anachoshika mkononi. La pini unalifungua na vichuma viwili ambavyo hata mwanafunzi anavichonga mwenyewe. La visahani linataka kifaa chake, bomba ndani ya bomba, kimoja kinakaza kisahani cha mwisho au cha kwanza, kingine kina ncha ya kuzungusha kisahani kimoja kimoja, na hicho kifaa kiwe cha kimo cha tundu hilo hilo, kikiwa kikubwa kidogo tu hakiingii. Na kuna kufuli zinazokazwa kwa mbele na zinazokazwa kwa nyuma, ukikosea hapo hakuna kitakachotokea hata ukae mwaka.

Kinachofunga humo ni upau mmoja ubavuni. Kila kisahani kina pengo, mapengo yote yakijipanga mstari mmoja upau unadondoka ndani, silinda inazunguka. Viwanda vyenye akili vinachonga na mapengo ya uongo, mafupi, upau unaingia nusu unakuganda hapo. Ni ule ule utapeli wa pini za kiuno ila kwa mzunguko. Na kwa kuwa visahani havina springi, ule ufunguo wa kugonga unaofanya pini ziruke hauna kazi humo, na kichuma cha mawimbi hakina kazi. Njia mbili za haraka za mtu asiyejua sana zote zimekufa. Hapo ndipo ugumu wake ulipo kwa mtu wa kawaida. ABUS wenyewe silinda yao ya visahani wanaiita Plus, ipo kwenye makufuli yao ya Granit.

Ila angalizo, visahani navyo vina takataka zake. Kuna za kuiga zenye visahani vichache, hakuna pengo la uongo hata moja, na vinalegea. Hizo mwenye kifaa anazifungua akiwa anaongea na simu.

---

Kiti_cha_Mbele

Kwa hiyo nikiwa dukani ufunguo wa nusu duara ndio nichukue? Nijibiwe kifupi tafadhali mimi kichwa kinauma.

---

FundiTundu

Kifupi: nusu duara wenye mikato mingi, imelala kwa viwango tofauti tofauti, na ukiuingiza haupwayi. Ukikosa huo, wa mabonde sita yanayopanda na kushuka sana, silinda imebana. Wa mabonde manne yaliyonyooka uache kwenye sanduku la mashuka.

Nyongeza ndogo kuhusu vumbi maana linahusiana. Kufuli la pini likijaa mchanga springi zinakufa, pini zinakwama juu, na pini iliyokwama juu ni pini moja pungufu kwa mchokonoaji. Unga wa grafiti sawa, mafuta ya kupikia hapana, nimeshalipokea kufuli lililomwagiwa hayo na lilikuwa linanuka.

---

Mwanagenzi_wa_Chuma

Wakuu nimerudi na habari. LA PILI LIMEFUNGUKA. Au niseme lilikubali. Binti_Silinda hiyo ya kulegeza kidole ni dawa, nilikaza kama nashika yai bichi, nikapita pini moja moja, ya tatu na ya tano ndio zilikuwa zinasukuma silinda nyuma, ya tano iliangusha ya pili kila mara nikarudia kama mara nane hivi, halafu ghafla silinda ikaenda yenyewe laini. Nikapiga kelele peke yangu.

Ila sasa sikilizeni kituko. Nikazungusha ili mkono utoke, likafika nusu mzunguko likaganda. Kabisa. Haliendi mbele halirudi nyuma, na vichuma vimo ndani. Ufunguo wenyewe sasa hauingii. Nimefanya nini?

---

Binti_Silinda

Hahaha pole, hongera na pole kwa pamoja. Huko ndiko haya ya duara yalivyo na uchawi wao. Kufuli la kawaida ukizungusha robo tu mkono unaruka juu, umemaliza. La duara, mkono ni ule upondo wa chuma uliopinda unaozunguka ndani ya ganda, na mengi yanataka silinda isafiri safari ndefu kuuvuta. Sasa ikifika nusu mzunguko, upande wa chini wa tundu la ufunguo, ule mpasuko ulio wazi, unakuwa umetazama juu kwenye pini. Vipande vya juu vya pini vinasukumwa na springi vinadondoka ndani ya mpasuko. Umejifungia. Ukiwa na ufunguo halitokei maana ufunguo umejaza nafasi hiyo.

Usilazimishe utavunja springi. Tafuta kichuma bapa chembamba, kiingize kando ya mpasuko huo chini ya hizo pini, zisukume zirudi juu zote kwa mara moja huku unazungusha polepole. Ubapa ujaze mpasuko, ndio siri. Na siku nyingine kabla hujafika nusu uwe umeshauweka tayari.

---

HesabuZangu

Kwa hiyo umbo la duara linasaidia kidogo kumbe! FundiTundu ulisema ni ganda tu.

---

FundiTundu

Nimekamatwa. Sawa, ganda linaongeza usumbufu wa mwisho, nakubali, na kwa mtu wa kwanza kukutana nalo linaweza kumla saa nzima. Ila anayelijua linamla nusu dakika, kwa hiyo sijui kama niliandike kwenye ugumu au kwenye vituko.

Na hapo ndipo ugomvi wa kulinganisha kwa muda unaponichosha. Mwaka 1851 kule London, Mmarekani Alfred Hobbs alilifungua kufuli la fundi Bramah lililokuwa limewekwa dirishani mwa duka miaka mingi likimngoja atakayeliweza, akatumia saa 51 zilizosambaa kwenye siku 16. Limefunguka, ndiyo. Sasa hilo ni bovu? Mtu mmoja akikuambia kufuli fulani ni dakika mbili, muulize alilifungua mara ya ngapi hilo hilo, na alikuwa amekaa mezani na taa au amepiga magoti gizani, maana tundu la haya ya sahani lipo chini ukingoni, likishavaa kwenye komeo unalichokonoa kwa kupapasa shingo imepinda.

---

Mwanagenzi_wa_Chuma

Limeachia! Nilitumia kipande cha utepe wa chuma wa kupimia, pini zikarudi juu, mkono ukatoka. Ufunguo unaingia vizuri, hakuna kilichovunjika.

Nimeamua, la kwanza linarudi kwenye boksi la kufanyia mazoezi, la tatu linaenda mlangoni leo leo, la pili nabaki nalo mezani.

---

Mzee_wa_Grinda

Na komeo?

---

Mwanagenzi_wa_Chuma

Nimelikagua mzee wangu. Skrubu mbili. Fupi.